Kwa nini mwenye duka anakwambia "bosi hayupo"

Nafanya kazi ya udadisi, yaani kuzunguka na dodoso madukani na masokoni, Mbeya mjini, Tunduma, Makambako mpaka Mafinga kwenye mbao. Vijana wanaoanza wananiuliza sana mbona wafanyabiashara wanagoma kujibu, wengine wanasema eti ni elimu ndogo. Hapana jamani, wana sababu za maana kabisa.

Angalia dodoso lenyewe, hujafika hata ukurasa wa pili ushamuuliza mtu anauza shilingi ngapi kwa mwezi. Sasa mfanyabiashara mdogo TRA, yaani mamlaka ya mapato, wanamkadiria kodi kwa mauzo ya mwaka, kwahiyo hilo ndo swali lilelile la afisa wa kodi, na wewe umekuja na kishikwambi na kitambulisho shingoni, atakutofautishaje? Utasema taarifa ni siri. Kwa kazi za NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ni kweli, Sheria ya Takwimu Sura 351 inazilinda taarifa za mtu mmojammoja, ila nani alishamweleza? Mweleze wewe, kwa maneno ya kawaida, kabla hujawasha hicho kishikwambi.

Kuna mama muuza mchele pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, kusikia tu neno mauzo akavuta daftari akalifunika na kanga, akasema biashara mbaya mwanangu. Nikamwambia sawa mama, tuache hela, gunia moja linakaa siku ngapi mpaka liishe? Akaanza kuongea hapohapo, la Kyela linawahi, la Mbarali linategemea, nauli ya fuso imepanda, ushuru nao, mpaka nikamwambia wazi kwamba kwa hesabu hiyo ntakadiria mauzo, akasema andika tu. Uliza kwa gunia, debe na kisado, watu ndivyo wanavyohesabu biashara zao.

Muda nao unaponza wengi. Kodi ya makadirio inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, ukimtokea mtu wiki hizo anatafuta hela ya TRA usitegemee tabasamu. Asubuhi mzigo unashushwa, we nenda saa nane mchana, na mteja akiingia nyamaza, ahudumiwe yeye kwanza.

Kijana wa dukani akikwambia bosi hayupo usimbane, ameajiriwa, akitoa siri za duka anafukuzwa. Acha namba. Barua ya halmashauri uwe nayo ndio, ila mwenyekiti wa soko akikusindikiza kibanda cha kwanza tu inasaidia kuliko mihuri yote.

Linaloniuma zaidi ni hili, watu wanaulizwa kila mwaka na majibu hawayaoni, kila mradi unakuja unaandika unapotea. Karatasi moja ya Kiswahili, bei zilivyokwenda na wenzao wanalalamikia nini, ibandikwe ofisi ya soko, basi. Muulize bosi wa mradi kama ipo kwenye bajeti kabla hujasaini mkataba.