Ngomeni ilipepea bendera ya nani?

Wiki iliyopita niliandika, kwa kupita tu, kwamba Ngomeni, yaani Ngome ya Yesu hapa Mombasa, kulikuwa na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar mpaka mwaka 1963. Sikudhani sentensi moja ingenizulia maswali mengi hivi. Nimechukua yale ninayoyaweza.

*Shikamoo mzee. Unasema Mwingereza ndiye aliyetawala Mombasa lakini bendera ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar. Ukoloni gani huo wa kutweka bendera ya mwenzio? (Kijana wa Kisauni)*

Marahaba, mwanangu. Ulikuwa ukoloni wa kupanga nyumba. Chukua nyumba ya pale Mji wa Kale: mwenyewe yuko Unguja, mpangaji amehamia, amebadilisha kufuli, ameng'oa mlango na kutia wake, na wanawe wamejaa mpaka darini. Lakini hati ina jina lile lile, na kodi inalipwa kila mwaka.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakakubaliana kwamba ukanda wa maili kumi kutoka baharini ni milki ya Sultani, na bara iliyobaki wakagawana wao. Mwaka uliofuata Sultani mwenyewe, Seyyid Barghash, akaukodisha upande wa kwetu kwa wafanyabiashara wa Kiingereza, ndio waliokuja kuitwa Imperial British East Africa Company. Kampuni haikufika mbali, fedha zikaiishia. Tarehe 1 Julai 1895, hapa hapa Mombasa, serikali ya Uingereza ikapokea funguo, na mkataba na Sultani ukatiwa saini tarehe 14 Desemba mwaka huo. Watu wa mji waliahidiwa kuwa dini yao haitaguswa na makadhi watabaki. Na bendera nayo ikabaki.

Ndiyo maana nchi hii ilipopewa jina jipya mwaka 1920 iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Watu husoma maneno hayo mawili kama pambo. Si pambo: koloni ni bara, himaya ni sisi. Mtu wa Mombasa kwa sheria alikuwa raia wa Sultani, ingawa aliyemkamata akikosa ushuru alikuwa askari wa Mwingereza.

Na hapa pana jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka. Kuanzia 1895 hadi 1958 Ngome ya Yesu ilikuwa jela. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya sitini wafungwa wa Mwingereza walilala chini ya bendera ya Sultani. Ukitaka picha moja ya kukueleza Mwambao ulivyotawaliwa, ni hiyo: kitambaa cha mwenye nyumba juu, bunda la funguo za mpangaji chini.

Uhuru ulipokaribia, swali la hati likarudi. Kulikuwa na wapwani waliotaka Mwambao usimame peke yake, na wengine waliotaka urudi kwa Sultani. Mwaka 1961 aliletwa Sir James Robertson kuchunguza, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963 ikatiwa saini London: Sultani ameachia. Kabla ya hapo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikuwa wameandikiana barua, na moja ya ahadi zilizomo ni kuwa makadhi watabaki. Hawa ndio makadhi unaowaona kwenye kifungu cha 170 cha Katiba ya sasa. Bendera iliondoka Desemba 1963. Ahadi iliyoandamana nayo tangu 1895 bado inafungua ofisi kila Jumatatu asubuhi.

*Ule wekundu ulikuwa na maana gani? Mwalimu wetu alisema ni damu ya mashujaa. (Mama wa Majengo)*

Mwalimu amechanganya bendera mbili, dada yangu, na hayuko peke yake. Damu ni ya bendera ya Kenya: weusi ni watu, wekundu ni damu iliyomwagika kutafuta uhuru, kijani ni ardhi, weupe ni amani, ngao na mikuki ni ulinzi. Ile ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu. Haikuwa na nyota, mwezi, wala neno. Hakuna aliyekaa kikao kuamua rangi hii iwe hiki na ile iwe kile.

Wekundu ulitoka Omani, na Omani yenyewe ilikaa na bendera nyekundu tupu mpaka 1970, ndipo ikatia nyeupe, kijani na jambia. Pwani nzima ya Ghuba ilikuwa nyekundu. Mwaka 1820 Waingereza waliwafunga masheikh wa Ghuba kwa mkataba, na sharti moja likawa kila aliyetia saini aweke weupe kwenye wekundu wake, ajulikane baharini kuwa ni rafiki. Tazama bendera ya Bahreni, au ya Katari ambayo wekundu wake umekolea ukawa kama zambarau: weupe wa kandoni una asili katika sharti hilo. Kwa hiyo kule weupe ndio uliokuwa ujumbe, na wekundu ulikuwa desturi tu. Bendera ya Omani ilipokwisha kukaa Ngomeni kwa uhakika, baada ya Seyyid Said, mtawala wa Omani, kuwashinda Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, mwaka 1837, hakuna mtu wa Mombasa aliyehitaji kuuliza maana yake. Ilimwambia nahodha ushuru anamlipa nani, basi.

Mimi naona bendera ya rangi moja ni ya kiungwana kuliko hizi za siku hizi zenye ramani, mnazi, samaki na jua, kila kitu kimo isipokuwa nafasi. Lakini hilo ni jicho langu.

Na kwa kuwa umetaja ya Kenya: siku moja kabla ya Jamhuri nenda kwa wauza bangili za shanga karibu na Ngomeni, uhesabu mistari. Inatakiwa iwe mitano: mweusi, mweupe mwembamba, mwekundu, mweupe mwembamba, kijani. Niliokota tatu kwenye meza moja, mbili hazikuwa na weupe hata chembe. Muuzaji akaniambia shanga nyeupe zimemwishia. Bila weupe ule, umevaa rangi za chama cha KANU za kabla ya uhuru.

*Bendera ni neno la Kiarabu? (Mwanafunzi, Likoni)*

La, la Kireno: bandeira. Limeingia na meza, leso na gereza. Hili la mwisho lina kisa chake, maana kwa Wareno igreja ni kanisa. Walianza kujenga Ngome mwaka 1593, ikakaa na kanisa ndani, na kwa wenyeji neno la kanisa likageuka jina la ngome, kisha ngome ikawa jela, na neno likafuata. Kabla ya bendera washairi wetu walikuwa na beramu, na bado utalikuta kwenye tenzi.

Tena bendera lilikuwa jina la kitambaa. Misafara ya karne ya kumi na tisa ilipobeba nguo kupeleka bara, palikuwa na merikani, palikuwa na kaniki, na palikuwa na bendera, yaani bafta nyekundu nyepesi. Mtu alinunua bendera kwa mikono na pima, akajifunga.

*Kwenye mbuyu karibu na kwetu wamefunga bendera nyekundu na nyeupe. Ni za chama? (Msomaji wa Mtwapa)*

Hapana, na usizifungue. Hiyo ni sehemu ya mizimu, watu wamekwenda na nadhiri zao. Nyekundu, nyeupe na nyeusi ndizo nguo za kazi hiyo tangu zamani, kwa Wamijikenda na kwa Waswahili pia, ingawa masheikh wetu hukemea. Za kisiasa utazitambua, zina picha ya mtu anayecheka.

*Kwa nini magari ya magavana hayana bendera ya taifa? Zamani nilikuwa nikiziona. (Dereva wa tuktuk, Nyali)*

Ulikuwa ukiziona baada ya uchaguzi wa 2013, kaunti zilipoanza. Mwaka 2014 Bunge likarekebisha sheria ya bendera na nembo za taifa, magavana wakaachwa nje ya orodha ya wanaoruhusiwa. Bendera ya kaunti ni jambo jingine. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 4, inaipa kila kaunti bendera yake, nembo na mhuri, kwa sharti kwamba wananchi washirikishwe, bunge la kaunti liidhinishe, na isifanane na ya taifa.

*Ya Zanzibar ya leo ndiyo hiyo ya Sultani? (Msomaji wa Tudor)*

Siyo. Walipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 waliongeza duara la kijani lenye karafuu mbili. Mwezi mmoja baadaye, Mapinduzi, ikaondoka. Ya sasa ni buluu, nyeusi na kijani, rangi za 1964, na imepepea tena tangu 2005 ikiwa na bendera ndogo ya Tanzania pembeni juu.

*Assalaam aleikum. Babu yangu alikuwa akisema Mombasa iliwahi kujitwekea bendera ya Kiingereza yenyewe, bila kulazimishwa. Kweli au hadithi za barazani? (Bin Mvita, Kuze)*

Wa aleikum salaam. Babu yako amesema kweli. Mwaka 1823 Mazrui walikuwa wamebanwa na Seyyid Said, wakaona bora wakimbilie kwa Mwingereza. Ilipokuja meli ya uchunguzi wa pwani wakamwomba nahodha wake, Vidal, awaweke chini ya bendera yake. Akakataa, akasema hana ruhusa. Mazrui hawakungoja ruhusa. Mkubwa wake, Kapteni Owen, alipoingia bandarini Februari 1824, alikuta bendera ya Uingereza inapepea juu ya Ngome, imetengenezwa hapa hapa kwa mikono ya wenyeji. Anayeijua bendera ile, na misalaba yake iliyolaliana, anaweza kukisia fundi alivyosumbuka.

Owen alikuwa mtu wa kupiga vita biashara ya watumwa, akaona ni fursa. Akaukubali mji na kumwacha luteni wake, John James Reitz, awe msimamizi. London haikupendezwa, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Reitz hakufika huko. Alikufa kwa homa mwezi Mei 1824, hata miezi minne haikutimia. Ndiye yule ambaye makanga humwita kila asubuhi pale Mwembe Tayari, mlango wa matatu wazi, mkono mmoja hewani: Port Reitz, Port Reitz, wawili tu!