Kwa aliyeuliza kama mtu akilazwa na depresheni anaweza kurudi harakati

Bro umeuliza kama mtu akishalazwa na depresheni anaweza kurudi kwenye harakati ama ndio basi. Mimi nilirudi ila sio vile nilikuwa.

Mimi ni shoga, niko Nairobi, na miaka ile ya kesi ya kupinga kifungu 162, ile sheria inayofanya ngono ya mashoga kuwa kosa, nilikuwa ndio yule wa kupigiwa saa nane usiku, huyu amefukuzwa na landilodi, yule ameingizwa kwa mtego na watu wa mtandaoni wanamtishia wanataka pesa, mimi naamka natafuta boda. Silali, na najisifu eti silali. Halafu ikafika Mei 2019, tarehe 21 Binyavanga Wainaina, yule mwandishi aliyejitangaza kuwa shoga, akatuacha, tarehe 24 majaji watatu pale Milimani wakasema sheria ibaki vile iko, miaka 14 jela. Watu walilia sana siku hiyo. Mimi sikulia, nilikuwa na shughuli ya kutafutia watu teksi wafike nyumbani salama.

Miezi michache baadaye nikajaribu kujitoa uhai. Sasa kumbuka wakati huo hiyo nayo ilikuwa kosa, kifungu 226, hadi miaka 2 ndani. Kwa hivyo niko kitandani na makosa mawili, daktari anauliza imekuaje nasema ajali, anauliza bibi yako yuko wapi nasema ushago (bibi gani, hata kuku sikuwa naye). Wakatibu mwili nikaenda zangu na ugonjwa wangu.

Kilichonisaidia ni daktari mwingine kabisa, mama mtu mzima, alifunga mlango akaniambia hapa siandiki unalala na nani. Na dawa, wiki kadhaa kabla zishike, usiache wiki ya pili ukidhani hazifanyi kazi.

Siku hizi niko na kikundi kila Alhamisi, watu nane tisa hivi, chai na mandazi, kila mmoja amepitia. Simu nazima saa tatu, usiku tunapokezana zamu. Kuna wenye wanasema nimelegea, sawa tu.

Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema 226 inakinzana na Katiba, nilisoma nikiwa kwa mat nikapitishwa stage. 162 bado iko. Lakini wa kwanza kuja kikundini baada ya hapo alikaa tu akasema wiki jana nilijaribu kujiua, hivyo hivyo, hata chai hajamiminiwa.