Baada ya busu, kamera ilielekea wapi?

Wiki hii mmetuuliza: wanawake maarufu wanapobusiana hadharani, tunaonyeshwa mapenzi au tunafanyiwa biashara? Mimi nawaacha wanaobusiana, namtazama mwenye kamera.

Chukueni tuzo za MTV za Agosti 2003, New York. Britney Spears na Christina Aguilera wamevaa nguo nyeupe za bibi harusi. Madonna anatokea na nyeusi, ndiye bwana harusi. Akambusu Britney mdomoni, akageuka akambusu na Christina. Waulizeni watu leo. Wengi watawatajia Britney tu, kwa sababu papo hapo picha ilihamishiwa kwenye viti, kwa Justin Timberlake, mpenzi wa zamani wa Britney, uso umemkauka. Picha iliporudi jukwaani, zamu ya Christina ilikuwa karibu imekwisha. Nimeirudia video hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara nabaki palepale: wanawake wanabusiana, lakini aliyepanga picha aliona habari yenyewe ni sura ya mwanamume.

Mwaka huohuo t.A.T.u., wasichana wawili wa Urusi waliopata jina kwa kujionyesha kama wapenzi, walishika nafasi ya 3 kwenye Eurovision. Baadaye ikajulikana kuwa hawakuwa wapenzi hata kidogo. Na tamthilia za Marekani, tangu 1991, zilikuwa na mazoea ya kuleta busu la wanawake mwezi wa Februari au Novemba, miezi ambayo watazamaji walihesabiwa ili kupanga bei ya matangazo. Hesabu ikiisha, mara nyingi na mapenzi yanaisha.

Sasa linganisheni na Ellen DeGeneres, mchekeshaji wa televisheni wa Marekani. Aprili 1997 alitangaza kwamba anapenda wanawake, yeye mwenyewe na mhusika aliyemwigiza. Katika kipindi chake mhusika huyo anahangaika kulitamka neno, linakwama kooni, na linapotoka ameinamia kipaza sauti cha uwanja wa ndege bila kujua, abiria wote wanasikia. Watu kama milioni 42 walitazama. Lakini kampuni kadhaa zilikataa kutangaza humo, vipindi vilivyofuata vikabandikwa onyo kwa wazazi, na 1998 vikafutwa. Busu la kuigiza halikuwahi kugharimu hivyo.

Ndiyo maana magazeti ya udaku huwa makini na maneno. Wawili wanaishi nyumba moja, wanashikana mikono barabarani, na bado chini ya picha inaandikwa "rafiki yake wa karibu". Hapo Kiswahili kingewafaa sana: neno letu shoga lilianza kama rafiki wa kike wa mwanamke, kisha likahamia kwa wanaume, kwa dharau. Gazeti lingeweza kujificha humo miaka na miaka.

Jibu langu fupi, basi, ni biashara. Ila kuna Julai 2015, Vancouver. Marekani wameifunga Japani 5-2 fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Mchezaji wao Abby Wambach anakimbilia ukingoni mwa majukwaa, mkewe anainama kutoka juu, wanabusiana. Kwenye kipande nilichokiona mimi, kamera haikwenda kumtafuta mtu wa kushangaa. Ilitulia palepale, mpaka Wambach mwenyewe alipogeuka kurudi kwa wenzake.