Kisumu iliwahi kuwa Uganda?

SWALI: Shikamoo Mzee. Marehemu babu alikuwa akisema kwamba yeye alizaliwa Kisumu ikiwa bado Uganda. Wenzangu wananicheka. Ni kweli?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba mwanangu. Kama babu alizaliwa kabla ya 1902, alisema kweli tupu. Hata hapo Nakuru ulipo palikuwa Uganda, maana Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika mpaka Naivasha. Reli ilipogusa ziwa mwishoni mwa 1901, ilikuwa imeingia Uganda kwelikweli, na jina la Reli ya Uganda lilistahili. Mwaka uliofuata Waingereza wakauhamishia mkoa huo upande wa Kenya ya leo, ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Wenyeji hawakuulizwa, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Turkana nayo ilitoka Uganda baadaye, mwaka 1926.

Upande wa mashariki tulipoteza. Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, ilikuwa yetu mpaka 1925, Uingereza ilipowapa Waitalia kama malipo ya kuingia Vita Kuu upande wake. Kwa kalamu tu, familia za Wasomali zikajikuta ndugu huku na ndugu kule.

Na Mombasa? Ukanda wa pwani, maili kumi kuingia bara, ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar hadi Desemba 1963. Waingereza walikuwa wapangaji tu, wakilipa kodi kila mwaka.

Waonyeshe wenzako ramani yoyote ya 1900.