Nani hupamba karatasi ya deni?

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeona makumbushoni huko London hati ya ndoa ya Wayahudi wa Isfahan, mji wa Uajemi, ya karne ya 19, ina simba wawili na maua hadi ukingoni. Kusoma maelezo, ukakuta ni fedha atakazolipwa mke akiachwa au akifiwa. Ndipo ukauliza: "Baba, nani hupamba karatasi ya deni?"

Hiyo ni ketuba. Lisikie neno lenyewe: mzizi wake ndio wa kitabu, katibu na katiba. Huandikwa Kiaramu, na sheria yao imeweka kima cha chini: zuzi, yaani sarafu za fedha za kale, 200 kwa mwanamwali, 100 kwa mjane, mume akipenda huongeza. Kwetu ndugu yake ni mahari inayobaki deni. Husomwa kwa sauti siku ya arusi, kisha bibi arusi hukabidhiwa, maana ni yake. Sasa kitu cha kusomwa mbele ya wakwe, utakileta kama risiti ya duka?

Na mapambo hawakuyafuata mbali. Simba mwenye jua mgongoni, jua lenye uso wa mtu, alikuwa nembo ya dola ya Uajemi enzi za wafalme Wakajari. Yale maua utayaona pia kwenye hati za nikaha za majirani zao Waislamu. Myahudi alipomtazama simba yule aliweza kumwona simba wa Yuda, na hakuna aliyemuuliza.

Mashhad, mji mwingine wa Uajemi, mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1839 Wayahudi wa mji ule walishambuliwa, wakasilimishwa kwa nguvu. Wakaishi vizazi kadhaa kwa majina mawili, na arusi moja ikawa na hati mbili: ya nikaha ya kuonyesha watu, na ketuba ya kuficha. Dini niliyofundishwa mimi haimlazimishi mtu. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Lakini miaka yangu yote ya kuandika vyeti kwa kadhi imenifanya nipende kitu kidogo zaidi. Sheria yao haitaki nafasi wazi kati ya maandishi na sahihi za mashahidi, mtu asije akachomeka sharti usiku. Sisi tulipiga mstari kwa rula, basi. Ukirudi makumbushoni, angalia pale chini, uniambie wao walipazibaje.

Baba yako