Jibu: Tumbo kunguruma muda mfupi baada ya kula

Salaam, ndugu. Umeuliza kwa nini tumbo lako hunguruma kwa sauti katikati ya kikao ilhali ulikula saa tatu tu zilizopita, na kama hiyo ni njaa ya kweli.

Kwanza angalia muda. Tumbo na utumbo mwembamba vikishamaliza kusukuma chakula, misuli yake huanza mawimbi ya kujisafisha, ambayo hurudi kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi na kufagia mabaki, majimaji na hewa kuelekea chini. Kwa kuwa hakuna chakula cha kuzima sauti, mngurumo husikika. Mimi huusikia wazi zaidi usiku nikilala chali: huanzia chini ya mbavu, ukateremka hadi karibu na kitovu, kisha ukanyamaza.

Hamu ya kula, hata hivyo, huchochewa pia na homoni ya ghrelini, ambayo hupanda kuelekea saa ulizozoea kula. Nilipoanza kutafuna polepole na kuacha vinywaji vyenye gesi, mngurumo wangu ulipungua sana. Ukiambatana na maumivu makali, kutapika au kukonda, tafadhali muone daktari mapema.