Hadubini Ikiwa Baridi, Kila Niuroni Inaumwa

Wadogo zetu, kimografu zenu, michoro ya mwendo wa mizigo ndani ya niuroni (seli za neva), tumeziona. Makosa ni yaleyale ya kundi la mwaka jana, nalo liliyarithi. Someni kwanza, leza mtawasha baadaye.

1. Joto. Boksi la hadubini linaonyesha 37°C, mtu anaridhika. Lakini lenzi ya mafuta imegusa kioo cha kisahani, na chuma chake kikiwa baridi kinanyonya joto palepale aksoni, mkia mrefu wa niuroni, ilipolala. Kainesini, mota ya protini inayobeba mizigo kwenda mwisho wa aksoni, hula molekuli moja ya ATP, chakula cha nguvu cha seli, kwa kila hatua ya nanomita 8. Joto likishuka, inapunguza mwendo, na dainini, mota inayorudisha mizigo, vilevile. Sasa tazama msiba unavyojipika. Asubuhi, chuma hakijapata moto, mtu anaanza na seli zenye kasoro ya SOD1, jeni inayohusika na ALS (ugonjwa unaoua niuroni zinazosogeza misuli), maana ndizo zinazomnyima usingizi. Mchana, hadubini imeshaiva, anaweka seli za kawaida. Mitokondria (vinu vya nishati vya seli) za kwanza zinajikokota, za pili zinakimbia, vigelegele: usafirishaji umeharibika kwenye ALS! Kumbe kilichopimwa ni asubuhi na mchana. Na kwa kuwa jibu lilikuwa linatarajiwa, hakuna anayelishuku mpaka mwenzake aanze na seli za kawaida, na ugonjwa nao uhamie huko.

Basi: kipasha joto cha lenzi kiwashwe pamoja na boksi, mapema, pima joto ndani ya kisahani chenyewe, pishanisha visahani vya aina zote mbili siku hiyohiyo, lebo afiche mwingine. Midia (maji ya kukuzia seli) ya friji msiwamwagie viumbe wa watu. Baridi huvunja mikrotubuli nyingi, zile reli ambazo mota hizo hutembea juu yake, na reli ikiondoka treni haina kosa.

2. Mwelekeo. Kwenye aksoni, ncha chanya za mikrotubuli zinatazama mbali na kiini. Kwenye dendraiti, matawi ya niuroni yanayopokea ishara, za mamalia zimechanganyika. Kasoro za jeni DCTN1, zinazoleta ugonjwa adimu wa ubongo uitwao Perry, zinamgusa msaidizi wa dainini. Za jeni KIF5A, kwenye baadhi ya ALS, ni kainesini yenyewe. Sasa ukichora dendraiti ukaiita aksoni, nani ameshindwa kwenda wapi?

3. Sekunde 5 kati ya picha zinatosha mitokondria. Kifuko cha BDNF (protini inayolisha niuroni) kinachokwenda maikromita 1 kwa sekunde kitakuwa kimeshabadilishana jina na jirani yake.

4. Msifute zilizosimama! Mitokondria nyingi za aksoni iliyokomaa zimetulia tu. Seli gonjwa inaweza kuwa na kasi ya kawaida kabisa, ila zinazotembea ni chache, kwa hiyo andikeni kasi na asilimia ya zinazotembea, kila aksoni kivyake.